Ukiambiwa usinyonyeshe hapa: haki za mama katika biashara za watu binafsi na namna ya kuzidai

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Mama akitoka nyumbani kwa saa chache tu, akawa benki, kwenye foleni ya duka la dawa au mgahawani, mtoto atadai haki yake akiwa hukohuko. Hapo ndipo mhudumu anapomwinamia na kumwambia kwa sauti ya chini: "Mama, samahani, hapa haturuhusu. Labda uende chooni." Akiuliza kwa nini, anajibiwa kwamba hii ni biashara ya mtu binafsi na mwenyewe ndiye anayepanga masharti.

Jibu hilo lina ukweli kidogo, na ukweli huo kidogo ndio unaowafanya akina mama wengi wakusanye vitu vyao na kuondoka. Ni kweli mwenye biashara anaweza kupanga saa za kufungua, bei na mavazi ya wahudumu wake. Lakini akishafungua mlango kwa umma, katika nchi nyingi sheria haimwachii achague kumhudumia huyu na kumfukuza yule kwa sababu ananyonyesha. Shika kanuni moja, kwa sababu hatua zote zilizobaki zinaitegemea: mahali unaporuhusiwa kuwapo, ndipo mtoto wako anaporuhusiwa kunyonya. Jimbo la New York liliandika karibu maneno hayohayo katika sheria yake ya mwaka 1994: mama anaweza kumnyonyesha mtoto wake mahali popote, pa umma au pa mtu binafsi, ilimradi anaruhusiwa kuwapo hapo, hata kama chuchu itaonekana wakati wa kunyonyesha.

Hatua ya 1: Jua umeingia kama nani

Kabla ya kutafuta sheria yoyote, jiulize uko pale kwa nafasi gani. Mteja ana sheria zake na mfanyakazi ana zake, na mara nyingi nchi inayomlinda mmoja imemsahau mwingine.

Mteja ni mtu yeyote anayetumia huduma iliyotolewa kwa umma: duka, hoteli, benki, saluni, basi, hospitali binafsi, ukumbi wa sinema. Mfanyakazi analindwa na sheria za kazi, na kwake suala huwa ni muda, mahali pa faragha na usalama wa ajira. Wapo pia wa katikati, kama mama aliyekuja kwa usaili wa kazi, aliyeleta mzigo, au anayesoma katika chuo binafsi. Hawa pia wanaweza kulindwa, lakini itabidi utafute kifungu kinachowataja.

Nyumbani kwa mtu ni jambo jingine kabisa. Sheria ya California, kwa mfano, inamruhusu mama kunyonyesha popote isipokuwa ndani ya makazi ya mtu mwingine. Nyumba si biashara, na mwenye nyumba ana kauli.

Hatua ya 2: Tafuta sheria yako iko kundi gani

Usianze na mitandao ya kijamii. Anza na maandishi ya sheria yenyewe, na ukishayapata, nakili kifungu hicho kwenye simu ili siku ya siku usitegemee kumbukumbu. Sheria za kumlinda mama mteja zina sura kadhaa, yaani aina kadhaa, na ukijua sura ya kwenu utajua pia nguvu uliyo nayo.

Sura ya kwanza ni sheria inayotaja kunyonyesha waziwazi na kumwadhibu anayezuia. Scotland ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2005. Ni kosa la jinai kumzuia kwa makusudi mtu anayemlisha maziwa mtoto aliye chini ya miaka 2 mahali panapofikiwa na umma, na maziwa ya chupa yanahesabiwa pia. Taiwan ilifuata mwaka 2010 kwa sheria inayokataza kumzuia, kumfukuza au kumsumbua mama anayenyonyesha mahali pa umma. Sheria hiyo ina kipengele ninachotamani kila nchi ingekiiga: hata kama mahali pana chumba cha kunyonyeshea, uamuzi wa kukitumia au kutokitumia ni wa mama. Kipengele hiki kinaziba mwanya mkubwa, kwa sababu chumba kilichowekwa kwa nia njema hugeuka haraka kuwa mahali pa kuwafichia akina mama.

Sura ya pili ni sheria ya kupinga ubaguzi inayohesabu kunyonyesha kuwa sababu mojawapo isiyoruhusiwa. Uingereza inayo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Mtoa huduma hawezi kumtendea vibaya mwanamke kwa kuwa ananyonyesha. Utasikia watu wakisema kwamba ulinzi huo unaisha mtoto akifikisha wiki 26. Hawajaisoma yote. Wiki 26 zinahusu kifungu cha ujauzito na uzazi. Zikipita, kumtendea mama vibaya kwa sababu ya kunyonyesha kunahesabiwa kuwa ubaguzi wa jinsia, na hapo umri wa mtoto hautajwi. Australia nayo iliingiza kunyonyesha kama sababu inayosimama peke yake katika sheria yake ya ubaguzi wa jinsia mwaka 2011.

Sura ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi: sheria inayokupa haki bila kusema anayeivunja atafanywa nini. Majimbo yote 50 ya Marekani sasa yana sheria inayomruhusu mama kunyonyesha mahali pa umma au pa watu binafsi; Idaho na Utah zilikamilisha orodha mwaka 2018. Hata hivyo, katika majimbo kadhaa hakuna faini wala njia iliyotajwa ya kudai fidia. Haki hiyo bado ina uzito unapozungumza na meneja au unapoandika barua, ila usiahidiwe kesi nyepesi.

Sura ya nne ni nchi ambako hakuna sheria inayomtaja mama mteja kwa jina. Hapo usikate tamaa mapema, tafuta katika katiba. Kenya ni mfano mzuri. Sheria yake ya Afya ya mwaka 2017 inazungumza na waajiri, haizungumzi na wenye migahawa kuhusu wateja wao. Lakini Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi inayojumuisha jinsia na ujauzito, na inaifunga si Serikali tu bali mtu yeyote. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Mama anayefukuzwa akimlisha mtoto ana mahali pa kusimamia, ingawa atahitaji mwanasheria wa kuijenga hoja yake.

Ukiwa unatafuta, usisahau pia sheria za mwenendo mbaya hadharani. Mwenye biashara anaweza kukutishia kwamba "kujianika" ni kosa. Nchi kadhaa zimeandika waziwazi kwamba kunyonyesha hakuhesabiwi humo. Soma kama yako ni mojawapo.

Hatua ya 3: Tenganisha ombi halali na lisilo halali

Hapa rudi kwenye ile kanuni. Haki ya kunyonyesha haikupi ruhusa ya kuingia mahali ambako usingeruhusiwa kuingia. Kama meza ni za wanaonunua tu, na sharti hilo ni la wote, na wewe utanunua. Kama ukumbi hauruhusu watoto kabisa, kunyonyesha hakuufungui. Meneja anaweza kukuomba usogee kama umekaa kwenye mlango wa dharura, jikoni au karibu na mitambo, kwa sababu angemwomba hivyo mtu mwingine yeyote.

Kipimo ni hichohicho: je, ombi hili lingetolewa kwa mteja asiyenyonyesha aliyekaa palepale? Kama sivyo, sababu ni kunyonyesha, hata likipambwa kwa maneno ya heshima.

Ukitumia kipimo hicho, visingizio vingi vinaanguka. "Wateja wengine wamelalamika" hakisimami, kwa kuwa kutopendezwa kwa jirani hakumpi mwenye biashara ruhusa ya kubagua. "Jifunike" ni sharti ambalo sheria nyingi zinazotaja kunyonyesha haziliweki. Kujifunika ni hiari ya mama, na wapo watoto wasiokubali kabisa kunyonya wakiwa wamefunikwa uso. "Mtoto ni mkubwa" hakina msingi wa kiafya, maana Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Angalia tu kama sheria yako yenyewe imeweka umri, kama ilivyo Scotland.

Na choo. Naomba hili lisemwe bila kupunguzwa: hakuna mtu mzima anayeambiwa akale chooni, na mtoto asiyekuwa na kinga ya kutosha ndiye wa mwisho kupelekwa huko. Sheria za Kenya, Marekani na Ufilipino kuhusu mahali pa kazi zimekataza waziwazi choo kutumika kama mahali pa kunyonyeshea au kukamulia. Hoja hiyo itumie hata ukiwa mteja.

Hatua ya 4: Wakati wenyewe

Endelea kunyonyesha. Kumkatiza mtoto aliyeshika titi kunamliza, na kilio chake kitageuza mazungumzo kuwa fujo kabla hujafungua mdomo. Jibu ukiwa umekaa, kwa utulivu, na sema maneno machache:

"Kaka, namlisha mtoto wangu. Sheria inaniruhusu kufanya hivyo mahali ninaporuhusiwa kuwapo. Naomba uniitie meneja."

Usibishane na mhudumu. Mara nyingi katumwa, na hana mamlaka ya kubadilisha chochote. Meneja akifika, muulize maswali mawili na usubiri majibu: "Unanitaka niondoke kwa sababu ninanyonyesha?" na "Ni sharti lenu lililoandikwa, au ni uamuzi wako?" Maswali haya yanamfanya ataje sababu kwa kinywa chake, na sababu hiyo ndiyo moyo wa malalamiko yoyote utakayopeleka baadaye. Akisema ndiyo mbele ya watu, nusu ya kazi imekwisha.

Akikuonyesha chumba cha faragha, una hiari. Ukikitaka, kitumie. Usipokitaka, sema "asante, niko sawa hapa" na uishie hapo.

Akishikilia kwamba utoke, au akamwita mlinzi, ondoka. Nalisisitiza hili kwa sababu ushujaa wa mahali pale unaweza kukugharimu. Ukikataa kutoka baada ya kuamriwa, unaweza kushtakiwa kwa kuingia kwa jinai, yaani kuwapo kwenye mali ya mtu bila ruhusa yake, na kosa lao likafunikwa na lako. Sema kwa sauti ya kusikika: "Ninaondoka kwa sababu mmeniamuru, si kwa kupenda." Kuondoka namna hiyo hakufuti haki yako, kinyume chake, sasa umenyimwa huduma na una jambo la kudai.

Kuna la kurekodi. Sheria za kurekodi sauti bila idhini zinatofautiana sana, kwa hiyo jua ya kwenu kabla ya kuwasha simu. Na kama wewe ndiye unayepigwa picha, ujue kwamba nchi nyingine zinakulinda: England na Wales ziliifanya kuwa jinai mwaka 2022 kumpiga picha au video mama anayenyonyesha, bila ridhaa yake, kwa nia ya kujiridhisha kingono au kumdhalilisha.

Hatua ya 5: Andika siku hiyohiyo

Hasira hupoa na kumbukumbu hupotea nayo. Kabla ya kulala, andika tarehe, saa, tawi la biashara, cheo cha kila aliyezungumza nawe na jina lake kama alilivaa kifuani. Andika maneno kama yalivyotamkwa, si muhtasari wake. Tunza risiti, kwa kuwa inathibitisha ulikuwa mteja, tena kwa saa. Kama kulikuwa na tangazo ukutani, piga picha yake. Kama kuna kamera za usalama, waombe kwa maandishi wasifute picha za saa hiyo, maana mifumo mingi hufuta yenyewe baada ya muda mfupi.

Shahidi aliyekaa meza ya pili ana thamani kuliko watu mia wanaokuunga mkono mtandaoni. Omba namba yake kabla hujatoka.

Hatua ya 6: Barua kwanza

Watu wengi huruka hatua hii wakakimbilia kuchapisha. Ninaelewa, lakini barua ina faida mbili. Biashara nyingi hurekebisha mambo zikiandikiwa na ofisi ya juu ikajua, na pale zisiporekebisha, chombo utakachokwenda kitakuuliza kama uliwapa nafasi. Iandikie menejimenti ya juu, si tawi peke yake, kwa lugha kama hii:

"Tarehe fulani, saa fulani, nikiwa mteja katika tawi lenu la mahali fulani, niliamriwa na meneja wa zamu kuondoka kwa sababu nilikuwa ninamnyonyesha mtoto wangu. Kitendo hicho ni kinyume na kifungu hiki cha sheria hii. Ninaomba mambo matatu: kuombwa radhi kwa maandishi, kuelezwa hatua mlizochukua, na wafanyakazi wenu kupewa maelekezo yaliyoandikwa. Ninasubiri jibu lenu ndani ya siku 14."

Omba unachotaka kwa kweli. Kama ni kuombwa radhi tu, usiongeze fidia ili kutisha. Na kama utachapisha kisa chako, andika yaliyotokea tu, bila matusi wala kukisia nia ya mtu, kwa sababu kesi ya kashfa inaweza kumgeukia mlalamikaji.

Hatua ya 7: Ukifika juu zaidi

Chombo kinategemea sura ya sheria yako. Pale kuzuia ni jinai, ni polisi. Pale ni ubaguzi, ni tume ya usawa au ya haki za binadamu, kisha mahakama. Australia malalamiko huanzia Tume ya Haki za Binadamu, ambayo hujaribu usuluhishi. England kesi ya mtoa huduma huenda mahakama ya kaunti, na kwa kawaida inapaswa kufunguliwa ndani ya miezi 6. Kenya ipo Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa.

Tarehe ya mwisho ndiyo inayoua madai mengi yenye haki, kwani mama mwenye mtoto mdogo hana muda wa ziada. Iulize siku ya kwanza, iandike kwenye kalenda, na usihesabu siku za kusubiri jibu la barua kana kwamba zimesimamisha saa. Vituo vya msaada wa kisheria na vyama vya wanawake wanasheria hupokea mashauri ya namna hii, na mara nyingi barua moja kutoka kwao hufanya kile ambacho zako tatu hazikufanya.

Kama wewe ni mfanyakazi wa biashara hiyo

Kwako njia ni tofauti, na historia yake ni ndefu. Mkataba namba 3 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulisema mama anayenyonyesha apewe nusu saa mara mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Mkataba namba 183 wa mwaka 2000 uliongeza kwamba muda huo, au saa zilizopunguzwa kwa ajili hiyo, uhesabiwe kuwa kazi na ulipwe.

Sheria za nchi zimepanga viwango vyake. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri humruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi hadi saa 2 kwa siku. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inatoa mapumziko yasiyozidi jumla ya saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula, yahesabiwe kuwa muda wa kazi. Inamtaka pia mwajiri aweke chumba chenye mahali pa kunawa, jokofu, umeme wa pampu ya kukamulia, meza na viti. Ufilipino ni angalau dakika 40 kwa saa 8. Marekani ni muda unaofaa wa kukamua kwa mwaka 1 baada ya kujifungua, haki iliyopanuliwa kwa wafanyakazi wengi zaidi mwishoni mwa 2022. Uingereza, inayomlinda vizuri mama mteja, haina mapumziko ya kunyonyesha yaliyowekwa na sheria kazini, jambo linaloonyesha kwa nini hatua ya 1 ina uzito.

Usisubiri siku ya kurudi kazini. Andika barua wiki kadhaa kabla likizo haijaisha, utaje kifungu, saa unazopendekeza na mahali unapohitaji. Mwajiri akiwa na ratiba mbele yake ni rahisi kukubali kuliko akishtukizwa. Usikubali kuahirisha kukamua "mpaka wateja wapungue": maziwa yakikaa, matiti hujaa na kuuma, yanaweza kupata uvimbe na homa, na maziwa yenyewe hupungua. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba na hadi siku 4 kwenye jokofu. Bandika tarehe na saa kwenye kila chombo, hasa jokofu likiwa la wote.

Ukikataliwa, nenda kwa chama cha wafanyakazi kama upo ndani yake, kisha kwa afisa kazi. Tanzania mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 kama umeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Barua ya kuachishwa ikija baada ya kuomba muda wa kunyonyesha, zihifadhi zote mbili pamoja, kwani tarehe zake zikikaribiana ni ushahidi.

Kama biashara ni yako

Andika sentensi moja na uisome kwa kila anayeajiriwa, wakiwemo walinzi wa kampuni ya nje: mama ananyonyesha popote mteja anapokaa, haombwi kujifunika wala kuhama, na anayelalamika ndiye anayepewa meza nyingine. Chumba ukiweza kukitenga, kiwe na kiti, sabuni, maji na kufuli la ndani, na kisiwe stoo wala choo. Wahudumu wako wafundishe jibu la kumpa mteja anayekereka: "Samahani, siwezi kumwambia hivyo. Naweza kukuhamishia kule." Mlinzi wa mlangoni ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kukuletea kesi bila wewe kujua, kwa hiyo anza naye.